Fani ya Simu Nyeusi na Mahali Kutu Inapoanzia

Jean Heiberg alikuwa mchoraji. Alisomea kazi yake Paris chini ya Matisse, akarudi kwao Norwei, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Elektrisk Bureau ya Oslo, iliyoshirikiana na Ericsson ya Uswidi, ikampa kazi ya kuivisha simu mpya. Matumbo ya simu hiyo yalikuwa ya mhandisi Johan Christian Bjerknes. Sura ndiyo iliyokuwa ya Heiberg. Akatoa ganda moja jeusi la bakelaiti, pana chini na jembamba juu, lenye mabega yanayoteremka bila kukatika, na mkonga uliolala juu yake kwa utulivu. Waingereza walilipenda umbo hilo, wakalirekebisha kidogo, na mwaka 1937 idara yao ya posta, GPO, ikaanza kuwapa wateja simu ya sura hiyo kwa jina kavu la Namba 332. Ukimwomba mtu yeyote akuchoree simu ya kizamani, ataichora hii hata kama hajawahi kuigusa.

Uzuri wa umbo hilo umeshasifiwa vya kutosha. Hapa nitalisoma kwa kufuata njia ya kutu.

Tukiona simu ya zamani imeliwa, kwa kawaida tunasema imezeeka, tunaishia hapo. Uzee hauli chuma. Jambia la chuma la Tutankhamun lilikaa kaburini zaidi ya miaka 3,000 likatoka na madoa machache tu ya kutu. Kinachokula chuma ni maji na oksijeni vinapokutana juu yake, na vikipata msaada wa chumvi au asidi kazi inakwenda mbio. Kwa hiyo mhakiki hana haja ya kuuliza simu ina umri gani. Aulize maji yanaingilia wapi, yanakaa wapi, na metali zipi zimeshikana pale yalipokaa. Maswali hayo yote ni maswali ya fani, nayo 332 inayajibu kwa uwazi ambao Heiberg hakuukusudia: kutu yake haitawanyiki ovyo, inaanzia kwenye maungio, hasa yale yaliyofunikwa ili jicho lisiyaone.

Ganda lenyewe halishiki kutu. Bakelaiti, iliyovumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ni zao la fenoli na fomaldihaidi; huchanganywa na unga wa mbao ili isivunjike upesi, kisha hukandamizwa ndani ya kalibu ya moto mpaka igande moja kwa moja. Rangi yake ya kawaida ni nyeusi au kahawia, na weusi huo una kazi ya kisanaa. Unafuta mistari. Jicho linashindwa kujua mwili unaishia wapi na kitako kinaanzia wapi, kitanda cha mkonga kimeota au kimebandikwa. Ukilinganisha na simu iliyotangulia utaona ukubwa wa mageuzi haya. Simu ya kinara ya GPO, Namba 150 ya mwaka 1924, ilikuwa nguzo ya brasi yenye kisemeo juu yake, kisikilizio kikining'inia kwenye ndoano ya pembeni, na kengele katika sanduku lake mbali kabisa, ukutani. Kila kiungo kilisimama peke yake na kuonekana. Muundo wa kinara ni wa kuorodhesha. Muundo wa 332 ni wa kukusanya.

Mkusanyo huo ndio mtego. Geuza simu, fungua skrubu za chini, inua ganda. Ndani utakuta sahani ya chuma, vikombe viwili vya kengele, koili za shaba zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma, kapasita ndani ya kikebe, springi bapa za aloi ya shaba, vichwa vidogo vya metali ya thamani mahali springi zinapogusana, lehemu ya bati na risasi, na vipande vya chuma vilivyochovywa zinki au kadimiamu. Vyote hivi vinakaa chumba kimoja, chini ya paa moja, katika hewa isiyotoka wala kuingia kwa urahisi. Kwa nje tunasoma umoja. Kwa ndani ni mkutano wa wasiopatana.

Nasema wasiopatana kwa maana ya kemia. Metali mbili tofauti zikigusana, na kati yake pakawa na unyevu hata wa utando usioonekana kwa macho, zinakuwa betri ndogo na mmoja kati ya wawili hao huliwa. Chuma kikishikana na brasi, chuma ndicho kinachokwenda. Zinki ikishikana na chuma, zinki ndiyo inayokwenda, na wenye viwanda waliugeuza ubaya huu kuwa faida: walichovya vyuma katika zinki ili zinki ife kwanza. Nikeli haina ukarimu huo. Inang'aa, inapendeza mkononi, ila ikitoboka tundu la ukubwa wa ncha ya sindano, chuma kilicho chini yake huliwa kwa kasi palepale kwenye tundu. Kwa hiyo vidoa vya kahawia unavyoviona juu ya nikeli ya simu ya zamani si uchafu uliotua kutoka nje, na kitambaa hakitavifuta. Vinatoka chini.

Sahani ya kitako nitaipita haraka kwa sababu hadithi yake ni nyepesi. Ni chuma kilichopakwa rangi, kinakaa milimita chache juu ya meza, upande ambao hakuna aliyetarajiwa kuutazama. Meza ikifutwa kwa kitambaa kibichi, unyevu unabaki pale. Usiku chuma kinapoa kabla ya hewa inayokizunguka, na umande unatua juu yake. Kutu inaanza pembezoni mwa skrubu, ambako bisibisi ya fundi ilichubua rangi, halafu inatambaa chini ya rangi na kuibandua. Ni kutu ya kawaida, nyekundu, ya kutisha kwa macho, na ndiyo yenye madhara madogo kuliko zote.

Mkonga unataka kusomwa taratibu zaidi, kwa maana ndipo mwili wa binadamu unapoingia katika umbo. Ulichongwa ulingane na kiganja na shavu, na kiganja huleta jasho, yaani maji na chumvi, wakati mdomo huleta mvuke vuguvugu kwa kila neno. Jasho linashuka mpaka mahali waya unapoingia mkongani, na huo waya ni kazi ya ufundi wa hali ya juu. Ili usikatike kwa kukunjwa mara maelfu, haukutengenezwa kwa shaba nene; ni utepe mwembamba mno wa shaba uliozungushwa kwenye uzi, nyuzi kadhaa zikawekwa pamoja na kuvishwa msuko wa pamba. Uzuri wake ni ulaini. Pamba nayo hunywa jasho na kulipeleka ndani, ambako utepe hauna unene wa kuvumilia hata mlo mmoja wa kutu. Waya mnene ungeliwa miaka na bado upitishe umeme. Huu ukiliwa kidogo tu sauti inaanza kukatikakatika, ukiutikisa inarudi, ukiuacha inapotea tena.

Palipotumika mpira kukinga nyaya, adui aliwekwa tangu kiwandani. Mpira huimarishwa kwa salfa, na salfa hupenda shaba: huigeuza nyeusi na dhaifu. Watengenezaji walijua, ndiyo maana nyaya za shaba zilizovikwa mpira zilipakwa bati kwanza. Mpira mgumu wa ebonaiti, uliotumika kwa vifuniko vya visikilizio vya simu za kinara, una salfa nyingi zaidi, na ukipigwa na mwanga na unyevu kwa miaka mingi hutoa asidi ya salfa juu ya ngozi yake. Mtu akiona kisikilizio cha ebonaiti kimeacha weusi kikawa na rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, ajue pia kwamba brasi inayokigusa imekuwa ikioga asidi.

Ndani ya kisikilizio cha 332 kuna sumaku, na mbele yake bamba jembamba la chuma linalotikisika. Nafasi kati ya viwili hivi ni sehemu ndogo tu ya milimita. Hapa kutu haihitaji kula sana ili iharibu, kwa sababu yenyewe huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inavimba, inajaza ile nafasi, bamba linakosa pa kutikisika, na anayeongea nawe anaanza kusikika kana kwamba yuko chumba cha pili.

Kufikia hapa nimesema kana kwamba simu ni sanduku lililolala tu. Simu ya mezani hailali. Hata mkonga ukiwa umewekwa chini, kituo cha simu kinaendelea kuipelekea umeme wa volti kama 50 usiku na mchana, ukisubiri mtu ainue. Sasa mahali nyaya za nje zinapofungwa kwa skrubu ndani ya simu pakishika unyevu na vumbi, umeme huo hupata kijia kidogo kutoka skrubu moja hadi nyingine, na pale upande wa chanya metali huyeyuka, chembe baada ya chembe, ikaacha chumvi ya kijani au samawati. Skrubu ya jirani, upande wa hasi, inaweza kubaki safi kabisa. Wahandisi wa simu waliielewa tabia hii mapema, na ndiyo sababu ya jambo linalowashangaza wanafunzi wa umeme mpaka leo: katika vituo vya simu upande wa chanya wa betri ndio uliounganishwa na ardhi, ili nyaya zinazopita kwenye udongo mbichi ziwe hasi zisiliwe. Waliokoa maili na maili za waya chini ya ardhi. Ndani ya simu, ambako chanya na hasi zinakaa sentimita chache kutoka moja hadi nyingine, hila hiyo haisaidii.

Mtu anayekusanya simu za zamani na kuona kijani upande mmoja tu wa safu ya skrubu husema ni bahati mbaya ya skrubu ile. Si bahati. Ukiijua kanuni, kijani hicho kinakueleza simu ilikuwa imeunganishwa vipi katika nyumba ambayo huenda haipo tena.

Tuurudie ule weusi wa nje, maana nimeusifu kwa kutoshika kutu na kuna upande wa pili. Bakelaiti haijanyamaza. Vifaa vya fenoli na fomaldihaidi huendelea kutoa mvuke kidogo kidogo miaka mingi baada ya kutoka kiwandani, na katika mvuke huo mnaweza kuwa na asidi ya fomiki. Aina nyingi za unga wa bakelaiti ziligandishwa kwa msaada wa kemikali inayotoa amonia, na masalia ya amonia nayo hutoka. Nje ya simu mvuke huo hauna maana, upepo unauchukua. Ndani ya ganda lililofungwa unabaki. Zinki na kadimiamu, zilizowekwa pale ili kulinda chuma, ndizo zinazoumia kwanza mbele ya mivuke ya namna hii: zinaota unga mweupe. Kwa hiyo ukifungua 332 iliyowekwa vizuri, kabatini, mbali na maji, ukakuta vyuma vyake vya ndani vimepauka na kuota unga, usimtafute mgeni aliyeingia. Ganda lenyewe ndilo lililofanya hivyo.

Amonia ina kisa kingine. Jeshi la Uingereza huko India lilikuwa likipata maganda ya risasi ya brasi yaliyopasuka yenyewe ghalani, hasa majira ya mvua, bila kupigwa wala kuangushwa. Wahandisi walihangaika muda mrefu mpaka utafiti uliochapishwa mwaka 1921 ukathibitisha kwamba brasi iliyobanwa na kukunjwa wakati wa kutengenezwa hubaki na mkazo ndani yake, na mkazo huo ukikutana na unyevu na amonia brasi hupasuka. Amonia ya maghala yale ilitoka kwenye mikojo ya farasi. Springi na vishikizo vya brasi vya simu vimekunjwa kwa mashine na vina mkazo uleule. Kipande kilichopasuka mahali pa kona, bila kutu inayoonekana, kisomwe kwa jicho hilo kabla ya kumlaumu fundi kwamba alikivunja.

Hapa ndipo ninapoona kasoro halisi ya fani ya 332, na naitaja kwa heshima, kwa kuwa umbo lenyewe nalipenda. Ganda moja lilikuwa wazo la macho. Lilitaka simu iwe kitu kimoja. Kwa kulitimiza, liliziweka metali zisizopatana pamoja, likazinyima hewa, na likawa chanzo cha mvuke unaozila. Heiberg hangeweza kuyajua yote haya, na wateja wa 1937 walitaka simu ya kudumu kwa miaka kadhaa ya kazi, si karne. Lakini mhakiki anasoma kilichopo mezani.

Marekani walijaribu njia nyingine mwaka uleule. Simu ya Western Electric, modeli 302, iliyochorwa na Henry Dreyfuss, ilikuwa na mabega yanayofanana na ya Heiberg, ila ganda lake la kwanza lilisubiwa kwa aloi ya zinki na kupakwa rangi nyeusi. Plastiki ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1940. Zinki ya kusubu ilikuwa na historia mbaya. Ikiwa na risasi kidogo tu ndani yake, kitu kilichosubiwa kwayo huanza kuoza kutoka ndani katika hewa yenye joto na unyevu: kinavimba, kinapinda, kinapasuka, mwisho kinamong'onyoka mkononi. Hakuna dawa, kwa kuwa ugonjwa uko kati ya punje na punje za metali. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ilitoa aloi za Zamak, zilizotegemea zinki iliyosafishwa hadi asilimia 99.99, na aloi hizo zikaifanya zinki iaminike. 302 ilizaliwa upande salama wa tarehe hiyo. Ikiliwa, huliwa kwa nje, pale rangi ilipobanduka, na unaona unachopambana nacho. Mimi naihesabu hii kuwa sifa ya fani: ganda la metali iliyopakwa rangi linaonyesha jeraha lake, ganda la bakelaiti linang'aa huku ndani kukiungua.

Na kinara cha 1924? Sanaa yake ya kuorodhesha viungo imekikinga kwa kiasi. Kengele yake iko mbali, nguzo yake ina brasi nyingi, na kila kiungo kinaweza kufunguliwa na kusomwa. Adui yake mkubwa leo ni mashabiki wake. Vinara vingi vya GPO vilitoka kiwandani vikiwa vyeusi, rangi juu ya brasi. Wauzaji wa vitu vya kale wakavichuna rangi na kuvisugua ving'ae dhahabu, kwa sababu mnunuzi anataka dhahabu. Kwa kufanya hivyo wamefuta maandishi ya asili na kuiacha brasi uchi, na brasi iliyo uchi hushika rangi ya kahawia kwa wiki chache, inasuguliwa tena, inapungua tena. Herufi na namba zilizogongwa juu yake huanza kutoweka. Huo ni uhariri wa kuharibu matini.

Simu za Kiingereza zilitumika katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na katika miji ya pwani zilikutana na hali ambayo London haikuijua: joto na unyevu wa mwaka mzima, pamoja na chumvi inayoletwa na upepo wa bahari. Chumvi hunyonya maji hewani hata siku ambayo ukuta unaonekana mkavu, ndiyo maana chuma cha Mombasa au Unguja hushika kutu wakati cha Nairobi kinasubiri. Hakuna kinachobadilika katika mpangilio wa kutu. Maungio ni yaleyale, skrubu ya chanya ni ileile. Mwendo tu ndio unaoongezeka.

Aliye na simu ya namna hii kabatini, nyeusi na inayong'aa, asiridhike na mng'ao. Aigeuze, afungue kitako, aiache wazi siku kadhaa mahali pakavu penye hewa, halafu aitazame kwa mpangilio huu: waya wa mkonga, safu ya skrubu, springi kwenye kona zake. Asitumie siki wala maji ya asidi ya kulehemu, kwa sababu masalia yake yatakula shaba kuliko kutu iliyokuwapo. Kutu nyekundu ya sahani ya chini anaweza kuisugua bila hofu. Unga mweupe ulio juu ya vyuma vya ndani asiusugue ukiwa mkavu, asiupulize kwa mdomo, na asiache watoto wauguse: ukiwa umetoka kwenye kadimiamu, ni sumu.